Daftari la Akina Biira

Madamu Biira alizikwa Bwera siku ya Jumanne, saa nane mchana, na mvua ikawa na adabu ikangoja tumalize. Katikati ya ibada mchungaji, mgeni aliyeletwa kutoka Kasese mjini, alitazama karatasi yake akasema, "Sasa tunamwomba Biira aje atusomee." Wakasimama wanawake kumi na mmoja. Nilikuwa mmoja wao. Tuliangaliana juu ya vichwa vya waombolezaji, kila mmoja akingoja mwenzake akae, na kicheko kikaanzia nyuma kwenye viti vya plastiki kikaja mbele polepole kama upepo juu ya mpunga wa Mubuku, mpaka watoto wa marehemu wenyewe wakawa wanafuta machozi huku mabega yakitikisika. Angekuwa hai angeagiza kalamu. Angetuhesabu, angeuliza kila mmoja anajulikana kwa lipi, na walau saba kati yetu angetukataa.

Kwetu, chini ya milima ya Rwenzori, jina la mtoto halitafutwi, linamngoja. Binti wa pili wa mama ni Biira, kama vile kesho ya Jumatatu ni Jumanne. Mvulana wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Simama penye forodha ya Mpondwe uite Bwambale, watageuka wachukuzi, mawakala, madereva, na pengine hata askari aliyekuwa anakuja kukunyamazisha. Ukivuka daraja kuingia Kongo majina ni yale yale, yamebadili nguo tu: Bwambale anaitwa Kambale, Biira anaitwa Kavira. Shule ya msingi tulikuwa Biira watano katika darasa moja, mwalimu akatupa namba. Mimi nilikuwa Biira wa Nne. Nilikua nikiamini kwamba jina langu ni kama sare ya shule: linatosha, linafulika, na si langu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nangoja chuo, nilipopelekwa kukaa na Madamu mwaka mmoja ili niwe macho yake. Yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane wa mwanajeshi, na Kiswahili chake alikipata kwenye nyumba za bati za kambi mbalimbali alikomfuata mumewe. Alikipenda kuliko lugha zote alizozijua kwa sababu, alisema, ndicho pekee kinachoweza kuamrisha bila kupandisha sauti. Nyumba yake ilikuwa kwenye kona, pale barabara ya vumbi inapoacha lami iendayo mpakani. Malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka yalipanga foleni hadi karibu na dirisha lake, na chumba changu kilinuka dizeli asubuhi na kahawa jioni, maana jirani alikuwa akianika kahawa uani kwetu kwenye turubai. Nikifumba macho leo nauona ule mlango wa jikoni uliokuwa haufungi, na meza ya miguu mitatu na tofali moja, na juu ya meza hiyo, likiwa limefunikwa kitambaa cha kufumwa kama vile wengine wanavyofunika redio, daftari nene la jalada gumu jeusi, lile tunaloliita kaunta buku.

"Kuruta," alinikaribisha siku ya kwanza, kabla sijatua begi, "unaandika mwandiko unaosomeka?"

"Ndiyo, Madamu."

"Tutaona. Kaa chini. Shika kalamu."

Daftari lilikuwa la akina Biira. Alikuwa amelianza siku aliyostaafu, baada ya kukaa kwenye sherehe yake ya kuagwa akasikia mgeni rasmi akimtaja kama "Biira, yule mwalimu, siyo yule wa duka." Alitaka kuandika kila Biira mashuhuri kuanzia vijiji vya milimani hadi ziwani, na kila mahali panapoitwa kwa jina hilo. Sheria zilikuwa mbili, zimeandikwa ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu. Mtu ataingia ikiwa anajulikana katika vijiji viwili na watu wasio ndugu zake wala wa kanisa lake. Mahali pataingia ikiwa mwendesha bodaboda anaweza kukupeleka kwa jina peke yake, bila kuuliza swali la pili.

Upande wa watu ulikuwa umejaa, na ulikuwa mtamu. Alikuwemo Biira wa Sindano, muuguzi ambaye wanaume wazima walikuwa wakipita njia ya mbali wasikutane naye. Biira wa Vitunguu, mwanamke wa kwanza, kwa ushahidi wa majirani zake, kukodi shamba kule Mubuku kwa jina lake mwenyewe na si la mume. Biira wa Makaratasi, wakala wa Mpondwe ambaye madereva waliotoka pwani walimuulizia kabla ya kuulizia choo. Biira Kwaya, aliyeimba sauti ya tatu miaka mingi kisha siku moja akahama kanisa katikati ya wimbo. Nilitumwa kuwahakiki mmoja mmoja. Nilikaa kwenye mabenchi yao, nikala maboga yao, nikaandika. Sikujua kwamba nilikuwa nafundishwa kazi. Nilidhani namsaidia bibi mmoja na kichaa chake kidogo.

Upande wa mahali ulikuwa mtupu, na huo ndio uliomnyima usingizi. Wanaume walikuwa na kila kitu. Kulikuwa na kilima cha Masereka, daraja la Kule, kituo cha kwa Thembo. Hata kona yetu yenyewe, ile aliyojenga na kulea watoto, ilikuwa inaitwa kwa Bwambale Pancha, kwa heshima ya mziba matairi aliyehamia Fort Portal zamani, bila kuacha hata kipande cha mpira. "Mtu ameondoka na jeki yake," Madamu alisema, "lakini kona ameniachia nimtunzie." Alikuwa ameagiza bati lililoandikwa KWA BIIRA kwa rangi nyeupe, akalitundika mtini. Kila wiki alisimama mtu mlangoni.

"Mnauza nini hapa?"

"Hatuuzi. Ni jina la mahali."

"Sawa, nyabo. Lakini mnauza nini?"

Katika chumba cha uani aliishi mpangaji, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Mkatoliki kutoka upande wa Beni, aliyeingia Bwera na vitenge vitatu mgongoni na sasa aliuza vingine sokoni Mpondwe siku za soko. Jina lake Kavira. Alimwita Madamu yaya, yaani dada mkubwa, na alimwogopa kidogo sana. Tulikula pamoja, sisi watatu, bundu, ugali wa muhogo, lililosongwa na Kavira kwa sababu langu lilikuwa na mabonge, na sombe, yaani kisamvu, aliyoipika kwa mawese hadi ikawa nyeusi. Wao wangeweza kuongea lugha ya nyumbani, maana ya huku na ya kule ni moja, lakini walipogombana walihamia Kiswahili, kila mmoja chake, kama watu wanaovua saa kabla ya kupigana.

"Yaya, uniandike na miye mu kitabu," Kavira alisema jioni moja, akichovya tonge.

"Kitabu ni cha Biira."

"Kavira ni nani basi? Si mutoto mwanamuke wa pili? Wewe banakuita Biira, miye banaaniita Kavira. Jina ni moya."

"Unajulikana vijiji viwili?"

"Sokoni banaanijua."

"Soko si kijiji."

Kavira alitafuna taratibu. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "Bon. Acha miye. Andika fasi. Kwetu kulikuwa fasi, ku barabara ya Beni, banaita Kwa Kavira. Ilikuwa mama yangu. Kamyo yote ilikuwa inasimama pale, shofere anakunywa chai, anakula muchele. Hata mutoto alikuwa anaijua."

Niliinua kalamu. Madamu akainua kidole.

"Leo nikipanda boda nikasema kwa Kavira, nitafikishwa?"

Kavira alirudisha tonge kwenye sahani. Tuliyajua mambo ya kule. Kila wiki yalivuka daraja na watu wenye magodoro vichwani. "Leo haiko," alisema. "Nyumba banachoma. Bale benye kuita ile jina, na bao habako."

"Basi sheria inakataa," Madamu akasema, na akaomba maji ya kunawa. Alikuwa mwanamke mwema. Nimeandika watu wengi wema tangu hapo na sijamsahau hata mmoja kwa ajili ya wema wake tu. Huyu namkumbuka pia kwa jioni ile, jinsi alivyonawa mikono hadi kwenye viwiko bila kumtazama mwenzake.

Mwezi uliofuata mchuuzi wa samaki alimwambia Madamu kwamba kule Kahendero, kwenye Ziwa George, kuna sehemu ya kutia mitumbwi inayoitwa Mwalo wa Biira, kwa jina la mwanamke muuza chai. Usiku huo hakulala, nilimsikia akitembea. Asubuhi akanitia kwenye gari na chupa ya chai. Nilifika Kahendero jua likiwa kichwani. Wanawake walikuwa wamekaa chini ya kibanda cha mafunjo wakiparua samaki aina ya ngege, magamba yamewabandika hadi kwenye kope, na ngiri wawili wanazurura kando yao kama wateja wasio na haraka. Niliuliza Mwalo wa Biira uko wapi.

"Biira yupi?" akauliza mmoja, bila kuacha kisu.

"Aliyekuwa anauza chai hapa."

"Huyo alienda. Zamani alienda. Hapa ni kwa Thembo."

"Lakini watu wanapaitaje?"

"Kwa Thembo. Si nimekwambia?"

"Hata wazee?"

"Hata samaki," akasema, na wenzake wakacheka, wakanipa ngege mmoja mkavu wa kunipoza.

Njiani kurudi nilikuwa na yule samaki mapajani na Madamu kichwani, amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ukungu machoni, masikio wazi. Sikukusudia kusema uongo. Nilifungua daftari nikitaka kuandika "hapapo", na mkono ukaandika kibao cha buluu. Baada ya kibao ikaja birika nyeusi, na tangawizi. Ukaja mbwa mwenye sikio moja aliyejua mitumbwi yote. Tulipofika Kikorongo nilikuwa nimeandika ukurasa mzima: jinsi wavuvi wanavyopaza sauti kutoka majini, Biira, Biira, ili akoleze moto kabla hawajatia nanga. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Ilikuwa furaha ya mwizi na ya bibi harusi kwa wakati mmoja.

Nilimsomea Madamu. Akaniambia nisome tena. Nilipomaliza mara ya tatu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Kumbe papo," akasema. Tu. Wiki nzima aliimba akichambua maharagwe. Nami kila siku nilijiambia hakuna aliyeumia, hadi Jumapili, kanisani, aliposimama wakati wa matangazo, akasimulia birika na mbwa, akawaalika akina mama wa chama chao kwenda Kahendero Jumamosi inayofuata, wapige picha kwenye Mwalo wa Biira, yeye atalipia lori. Masika, mwenyekiti wao, ambaye walikuwa wakitaniana tangu usichana na si utani wote uliokuwa mtamu, aliinuka akasema kwamba atakuja kwa sharti moja, aonyeshwe huyo mbwa.

Nilikiri Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana. Masufuria ya safari yalikuwa yamekwisha funganywa mlangoni. Nilisema Madamu, hakuna Mwalo wa Biira, niliutunga. Nje lori lilikuwa linanguruma na nikatamani lisizime, lakini likazima. Kavira aliacha kutafuna. Madamu alimaliza tonge lake, akala jingine, akafuta mdomo.

"Lete daftari. Soma."

"Madamu, tafadhali."

"Kuruta. Soma."

Nikasoma, kila neno, kibao na birika na wavuvi. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyokumbuka. Nilipofika mwisho aliuelekeza uso dirishani ambako hakuona kitu.

"Huyo mbwa ulimtoa wapi?"

"Kichwani."

"Na sikio?"

"Kichwani, Madamu."

"Mbwa alikuwa mzuri," akasema. Halafu sauti yake ikapungua. "Lakini daftari hili ni la waliopo. Ukitaka kuandika wasiokuwepo, nunua lako."

Niliomba nichane ukurasa. Alikataa, alisema daftari lake si la kuchanwa. Akaniamuru niandike chini yake maneno haya, nami nikayaandika: Si kweli. Aliyeandika ni Biira, kuruta. Ndivyo nilivyoingia kwenye kitabu kile. Jioni ile aliwapelekea akina mama habari kwamba safari haipo, na Jumapili akasimama tena mbele ya kanisa, mkono mmoja begani kwangu kwa sababu ya macho, akasema safari ilivunjika kwa kuwa yeye alikosea. Alisema yeye. Masika alimwita Biira wa Ziwa hadi mwisho wa mwaka, na kila mara bega langu liliungua pale mkono ulipokuwa. Lile bati la mtini aliliteremsha mwenyewe. Hakunifukuza, hakunisimanga, na hakunitaja tena kwa jambo lile, ila hakuniagiza kutafuta mahali tena. Ukurasa ule ulibaki hivyo, uongo wangu juu na jina langu chini, na nafasi tupu iliyobaki.

Bati Kavira aliliokota. Aliligeuza upande usio na maandishi, akalifanya kinga ya upepo kwa jiko lake, maana miezi ile biashara ya vitenge ilikuwa imelala na alikuwa ameanza kupika wali na maharagwe pale kando ya barabara kwa ajili ya madereva. Sufuria moja, mabenchi mawili. Madamu alimpa kona bila kuombwa. Sikuliona hilo kuwa jambo. Nilikuwa na haraka ya kwenda chuoni, na kwenye stegi ya Bwera, kabla ya kupanda gari, nilinunua daftari langu.

Sijasema nilivyofika kwenye msiba. Ilikuwa Jumatatu adhuhuri, miaka kumi na sita baadaye, vitabu vyangu viwili vikiwa kwenye begi kana kwamba marehemu angevisoma. Nilimwambia mwendesha boda anipeleke kwa Bwambale Pancha.

"Hapo iko wapi, nyabo?"

"Pale kona. Barabara ya vumbi inapoacha lami."

Alifikiri, mguu mmoja chini. Alikuwa na ndevu za kutosha kuwa baba wa watu, na jina la Bwambale Pancha halikumgusa hata kidogo. "Kona gani?" akasema. Nikamweleza foleni ya malori, nyumba ya mwalimu, mti. Uso wake ukafunguka. "Aa, kwa Kavira. Si ungesema."

Nakiri kwamba nilimwonea Madamu uchungu njia nzima. Tulifika kwenye kona yenye paa refu la mabati na meza zipatazo ishirini na malori yamesimama pande zote mbili, na Kavira, mnene na mwenye mvi, amefunga kanga ya msiba kiunoni akigawa wali kwa waombolezaji na madereva bila kuwatenganisha. Alinikumbatia kwa viwiko, mikono ikiwa na mawese. "Biira wangu," alisema. "Umekonda. Bana Kampala habakulishe?"

Baada ya mazishi, watu wakianza kutawanyika na mvua sasa ikidai zamu yake, aliniita jikoni. Mlango ulikuwa bado haufungi. Akatoa daftari kwenye kile kitambaa cha kufumwa. Madamu, aliniambia, alifanyiwa upasuaji wa macho miaka michache baada ya mimi kuondoka, na tangu hapo hakumpa mtu kalamu. "Alisema ni yako. Lakini unisomee kwanza fasi ya mwisho. Miye sisomake, na yeye alikataa kunisomea. Alikuwa anacheka tu."

Nilipekua. Ukurasa wa mahali ulikuwa kama nilivyouacha, mbwa na birika na hukumu yangu chini yake. Kwenye nafasi iliyokuwa tupu kulikuwa na mwandiko mkubwa, wa mtu anayefurahia kuona herufi zake mwenyewe. Nikasoma kwa sauti.

"Kwa Kavira, Bwera, iliyokuwa kona ya Bwambale Pancha. Nimehakiki mwenyewe. Nilikwenda hadi Mpondwe, nikapanda boda ya mtu asiyenijua, nikasema neno moja, kwa Kavira. Hakuuliza swali la pili. Alinileta hadi mlangoni kwangu. Palikuwepo mahali pengine kabla ya hapa, barabara ya Beni, pa mama yake. Nilipakataa. Naandika vyote viwili. Kavira ni Biira."

Kavira alikuwa ameegemea mlango, mwiko mkononi. Mtu aliita kutoka nje akitaka chai, naye akajibu ngoja, bila kugeuka.

"Soma tena," akasema.

Nikaanza juu, Kwa Kavira, Bwera.

"Hapana, siyo hapo. Pale pa mama."